Kijiko Kilichovunja Jino

Kilikuwa kijiko cha alumini cha kupakulia maharage, mpini wake umepinda kwa miaka mingi ya kuegemezwa ukingoni mwa sufuria. Kila kifafa kilipomwangusha mtoto wa mwisho wa nyumba ile, aliyewahi kufika alikimbilia jikoni kukichukua. Kikapenyezwa kwa nguvu katikati ya meno ili mtoto “asimeze ulimi.” Nyumba nzima ilifundishwa hivyo, na majirani wote wa mtaa ule wa Mudzipela, mjini Bunia, walifanya hivyohivyo. Mwandishi wa kumbukumbu hii, kaka wa mgonjwa, wakati huo akiwa bado sekondari, ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote wa kukitia kijiko mahali pake. Siku moja ya mwaka 2016 akasikia kitu kinakatika. Alidhani ni kijiko. Lilikuwa jino la mbele la juu, limekatika nusu, na kipande chake hakikuonekana tena.

Kilitafutwa mkekani, kikatafutwa shingoni mwa shati, kisha watu wakaacha kutafuta kwa sababu mtoto alikuwa amezinduka na anatabasamu kwa pengo lake jipya. Hakuna aliyejiuliza kama kipande kile kiliteremka tumboni au kiliingia kwenye njia ya pumzi. Ilikuwa bahati tu kwamba hakikukwama mapafuni.

Ulimi haumezwi. Umeshikizwa kwa misuli chini ya kinywa, na hakuna kifafa kinachoweza kuung’oa na kuupeleka kooni. Hatari iko katika kile kinachotiwa mdomoni, kwa sababu taya linapokaza hukaza kwa nguvu zake zote: kijiko hakisogei, kwa hiyo jino huvunjika, ufizi huchanika, au kidole cha msaidizi hung’atwa mpaka mfupa. Anachohitaji mgonjwa ni kuondolewa jiwe, jiko na meza vilivyo karibu, kuwekewa nguo laini chini ya kichwa, kulazwa ubavu mara mshtuko unapopungua ili mate yatoke, na mtu wa kuangalia saa. Mshtuko ukipita dakika 5, apelekwe hospitali. Mwandishi alikuja kuyasikia haya miaka mitano baadaye, tena kwa mtu wa meno, wala si kwa mtu wa kifafa.

Familia yenyewe ilitoka upande wa Logo, katika teritwari ya Mahagi, kaskazini mwa jimbo la Ituri. Huko mito inaenda kasi na usubi wanazaliana katika maji hayo. Wadudu hao wadogo weusi ndio wanaoeneza minyoo ya ugonjwa ambao watu wengi wanaujua kwa upofu tu. Lakini Logo imo katika maandishi ya watafiti wa Kongo na wenzao wa Chuo Kikuu cha Antwerp, Ubelgiji, kwa sababu nyingine: mahali minyoo ile ilipokithiri, kifafa nacho kimekithiri. Huwashika watoto waliozaliwa wazima, kati ya miaka 3 na 18, na wengine hudumaa mwili na akili. Dawa ya kuzuia, Mectizan, imetolewa bure na kampuni ya Merck tangu 1987, na wagawaji wa vijijini humpima mtu kwa fimbo ya urefu ili wajue ampe vidonge vingapi. Inatakiwa irudi kila mwaka. Katika nchi ambayo kijiji kinaweza kuhama mara mbili kwa mwaka mmoja, fimbo ile inafika na kukuta nyumba tupu.

Mtoto huyu alianza kuanguka akiwa na miaka 8. Alipofika 12 alikuwa amepoteza karibu maneno yote. Alibaki na “mama,” “yaya,” na neno moja la kukataa ambalo halimo katika lugha yoyote.

Dawa ilipatikana, hatimaye. Ilikuwa fenitoini, ya bei nafuu, iliyokuwa ikija na wafanyabiashara wa kutoka ng’ambo ya Uganda. Ikapunguza kuanguka kutoka kila siku hadi mara mbili tatu kwa mwezi, na mama akamshukuru Mungu kwa kila kidonge. Kisha ufizi ukaanza kuota. Uliteremka juu ya meno kama unga uliozidi chachu, mwekundu, laini, mpaka meno ya mbele yakabaki kama punje za mahindi ndani ya ganda. Ndugu wengine walisema amerogwa mara ya pili. Kumbe jambo hilo ni la zamani kama dawa yenyewe: fenitoini ilianza kutumiwa kwa kifafa mwaka 1938, na mwaka uliofuata madaktari walikuwa wamekwisha kuandika kwamba inaotesha ufizi. Huwapata takriban nusu ya wanaoitumia, na huwa vibaya zaidi kinywa kisiposafishwa. Na nani asafishe kinywa cha kijana anayeng’ata? Aliyeuza vidonge vile hakuwahi kulisema, na sanduku lenyewe lilifika bila karatasi.

Halafu ukaja mwaka 2019.

Ebola ilikuwa imetangazwa tarehe 1 Agosti 2018 huko Kivu ya Kaskazini, ikapanda mpaka Ituri, ikafika hata Bunia. Kabla haijatangazwa kumalizika tarehe 25 Juni 2020 ilikuwa imeua watu 2,287. Kila kona ya mji ilikuwa na ndoo ya maji ya klorini na mtu mwenye kipimajoto cha kuelekeza kwenye paji la uso. Redio zilitaja dalili asubuhi na jioni: homa, kutapika, kuhara, kutokwa damu. Ndani ya nyumba ile, kila asubuhi, mto wa mgonjwa ulikuwa na madoa ya damu iliyotoka kinywani.

Mama aliufua mto ule usiku, kabla ya majirani kuamka, na kuuanika ndani ya chumba. Kwa wiki mbili hakumruhusu mtoto kutoka uani. Leo akisimulia anacheka kidogo, lakini mwandishi anakumbuka jinsi alivyokuwa akiweka mkono wake kwenye kifua cha mtoto gizani kuona kama amepata joto. Aliogopa Ebola, na aliogopa zaidi kuonekana. Aliyemaliza jambo hilo ni muuguzi wa kituo cha afya aliyekuja kwa shughuli nyingine. Alipima joto, akawasha tochi ya simu, akainua mdomo wa juu kwa kidole chenye glavu, akatazama kwa muda ambao ulionekana saa nzima. Akasema: “Mama, hii si Ebola. Ni dawa yake, na meno hayaoshwi.”

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kutazama ndani ya kinywa cha kijana yule tangu meno yake ya utoto yalipong’oka. Alikuwa na miaka 14.

Ingefaa kuandika kwamba kuanzia hapo familia iliamka. Haikuamka. Ebola iliisha, mashaka mengine yakaingia, na ufizi ulikuwa jambo dogo. Mei 2021 serikali ilitangaza hali ya kuzingirwa Ituri na Kivu ya Kaskazini, wanajeshi wakashika utawala, na katika mwezi huohuo kijana alianza kujipiga shavu la kushoto kwa ngumi. Alijipiga mpaka likavimba. Akaacha kula fufu, akawa anakunywa uji tu na kuutema nusu. Usiku alizunguka chumba. Kifafa kikaongezeka, maana kukosa usingizi hukichochea. Akaombewa Jumatano na Ijumaa. Akaongezewa kidonge. Shangazi mmoja, mama wa watoto saba, alikuja kusalimia, akamtazama anavyouinamisha uso upande mmoja, akasema kwa kifupi: “Huyu jino linamuuma.” Wiki tatu zilikuwa zimepita.

Mtu asiyeweza kusema “nina maumivu” husema kwa njia nyingine, na wanaomtunza huyaita hayo tabia. Ukali mpya, kukataa chakula kigumu, mkono usiotoka mdomoni, mate mengi kuliko kawaida, kulala upande mmoja tu: katika mtoto mzima kila mmoja wetu angefikiri jino. Katika mtoto mwenye ulemavu wa akili tunafikiri ulemavu wake umezidi. Waganga nao huingia mtego huo.

Bunia mtu anayetibu meno huitwa dantisti, awe amesomea chuo kikuu Kinshasa au amejifunza kwa kumshikia mwingine koleo. Wa kwanza waliyempata alikuwa na kiti kizuri cha kuinuka na kushuka, na hakuwa mtu mbaya. Aliuliza kwa haraka, maana foleni ilikuwa ndefu, akaita vijana wanne. Mmoja kichwa, mmoja miguu, wawili mikono. Mwandishi alikuwa wa kichwa. Sindano ya ganzi ilichoma ulimi badala ya ufizi kwa sababu hakuna aliyeweza kutuliza taya lile; kijana alimng’ata dantisti kidole; halafu, juu ya kiti kilekile, kifafa kikamshika. Walitoka na jino lao, na shauri kwamba mtu wa namna hii hutibiwa akiwa amelazwa usingizi kabisa.

Shauri lenyewe si la uongo. Wapo wagonjwa ambao bila nusukaputi hawatibiki, na nchi nyingine zimelijengea jambo hilo taaluma: Uingereza iliitambua mwaka 2008 huduma ya meno kwa wenye mahitaji maalumu kuwa ubingwa unaojitegemea. Lakini nusukaputi inataka mtaalamu wake, oksijeni, chumba, na umeme usiokatika. Umeme wa Bunia, unapokuja, unatoka Budana, bwawa lililojengwa kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto, na mji umekua mara nyingi tangu hapo. Hospitali iliyotegemewa na eneo zima kwa mambo mazito ilikuwa ile ya wamisionari, Nyankunde, kilomita 45 hivi kusini. Tarehe 5 Septemba 2002 ilishambuliwa. Watu zaidi ya 1,000 waliuawa pale na vijijini jirani, wafanyakazi na wagonjwa waliobaki wakatembea kwa siku nyingi msituni kuelekea Oicha. Imefufuliwa baadaye, kwa kazi kubwa. Ila hospitali ikivunjwa, kinachochelewa kurudi ni watu waliokuwa wakijua kufanya kazi ndogo ngumu. Kuna Kampala, ndiyo, kwa mwenye pesa na anayethubutu kupita barabara ya Mahagi na kijana anayeanguka njiani.

Walirudi nyumbani. Kwa mwezi mmoja akiona koti jeupe, hata la mpishi, alikimbia.

Wa pili alikuwa mwanamke, muuguzi aliyesomea meno, mwenye chumba kimoja katika zahanati ndogo. Watu humwita dokta, kwani Bunia kila mwenye kazi yake katika kinywa cha mtu ni dokta. Mama alianza kujieleza kabla hajakaa: “Dokta, mutoto huyu hasemi. Akiumwa anajipiga tu.” Yule mwanamke alivua koti lake jeupe, akalitundika, akakaa kwenye ngazi za baraza karibu na kijana. Hakumgusa. Alizungumza na mama: anatumia dawa gani, tangu lini, anaanguka saa ngapi za siku, anapenda nini. Mwishoni akasema: “Leo sitafungua kinywa chake. Mukuje naye kesho asubui.”

Mwandishi alikasirika. Pikipiki ya kwenda na kurudi si bure.

Kesho yake dokta alimpa kijana kioo kidogo cha mpini mrefu akichezee, na kijana akarudi nacho nyumbani. Siku ya tatu dokta alijitazama yeye mwenyewe kinywani kwa kioo, kisha akamtazama mama, kisha kaka. Siku ya nne kijana alifungua kinywa bila kuombwa, kwa sababu zamu yake ilikuwa imefika. Mbinu hiyo si uchawi wala kipaji cha mtu. Sema, onyesha, kisha fanya: imo katika mafunzo ya meno ya watoto tangu 1959. Inachodai ni muda, na muda ndio usiolipiwa. Dantisti hulipwa kwa jino alilong’oa, wala hakuna anayemlipa kwa asubuhi tatu za kukaa kwenye ngazi.

Gego la kushoto lilikuwa limefika mahali pa kung’olewa, likang’olewa, kwa ganzi, asubuhi mapema akiwa amekunywa dawa yake ya kifafa, kaka akimshika mkono mmoja tu. Ila magego mengine matatu yalikuwa na matundu ambayo bado yangezibika. Hapo mwandishi alitegemea kusikia mlio wa mashine. Hakuna mashine iliyowashwa. Mwanamke yule alikwangua uozo kwa vyuma vya mkono, kama mtu anayekwangua ndani ya nazi, akachanganya unga na maji yake, akaujaza ndani ya tundu na kuukandamiza kwa kidole.

Njia hiyo ina historia ambayo Waswahili wanapaswa kuidai. Ilianzia Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, pale Mholanzi Jo Frencken na wenzake wa shule ya meno ya Dar es Salaam walipotafuta namna ya kuokoa meno mahali pasipo na umeme wala maji ya bomba. Badala ya keekee, vyuma vya mkono. Badala ya amalgamu ya zebaki, saruji ya glasi-ionoma inayojishikiza kwenye jino yenyewe na kutoa floridi kidogokidogo. Ilijaribiwa Thailand, ikajaribiwa Zimbabwe, na Shirika la Afya Duniani likaitangaza Siku ya Afya Duniani, ambayo mwaka ule mada yake ilikuwa afya ya kinywa: tarehe 7 Aprili 1994. Mtu wa Maziwa Makuu akisoma tarehe hiyo hawezi kufikiri meno. Kigali ilikuwa inaungua.

Waliibuni kwa ajili ya vijiji, lakini imewafaa sana watu wa aina ya kijana huyu. Haina mlio, haitetemeshi fuvu, haimwagi maji kooni, mara nyingi haihitaji hata sindano. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza saruji hiyo katika orodha ya dawa za lazima, pamoja na silva daiamini floraidi, dawa ya maji inayopakwa kwa brashi juu ya jino lililooza na kuusimamisha uozo. Hiyo ina kasoro moja: sehemu iliyooza hubaki nyeusi kama mkaa. Wazazi wa Ulaya hulalamika juu ya rangi. Mama wa Mudzipela alipoulizwa kama ataona haya kwa weusi huo alijibu kwamba mtoto wake anaanguka barabarani mbele ya watu, jino jeusi litamwaibishaje?

Baada ya matibabu yakaja maswali, na yale yaliuma zaidi kuliko sindano. Pipi anapewa? Ndiyo, kila akilia, na kila mgeni humletea. Ndiyo njia ya mji mzima ya kumpenda mtoto asiyezungumza. Na hili jino la mbele alilivunja wapi? “Alianguka,” alisema mama. Mwandishi ndiye aliyekitaja kijiko.

Yule mwanamke hakugomba. Alieleza habari ya ulimi na taya, polepole, kama alivyoeleza kioo. Kisha akaendelea na orodha yake: daktari wa kifafa aombwe kubadilisha fenitoini, lakini isiachwe ghafla, maana kuiacha ghafla kunaweza kuua, mswaki utumiwe mara mbili kwa siku na dawa yenye floridi, jino bandia la kuvaa na kuvua, ambalo jirani alikuwa ameshaanza kulitafutia bei, lisahauliwe kabisa, kwa sababu likivunjika wakati wa kifafa litaingia kwenye pumzi. Alipomaliza aliwaonyesha namna. Mtunzaji akae juu ya kiti, mgonjwa chini kwenye mkeka, kichwa kikiegemea mapajani, uso juu. Mswaki ushikwe kama kalamu. Mpini ukiwa mwembamba, uzungushiwe kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli ili mgonjwa mwenyewe aweze kuushika. Kipande hicho kilipatikana kwa fundi wa baiskeli sokoni, bure.

Kwa wengine orodha ni nyingine. Msichana wa jirani mwenye trisomia 21, ambaye mama alimpeleka kwa dokta huyohuyo baadaye, aliulizwa kwanza habari za moyo: watoto hao huzaliwa mara nyingi na kasoro ya moyo, na vijidudu vya ufizi unaotoka damu vinaweza kusafiri mpaka huko, hivyo wengine huhitaji antibiotiki kabla ya kung’olewa. Mwenye mtindio wa ubongo hubakiza chakula mashavuni saa nzima baada ya kula. Mwenye usonji pengine hataki ladha ya mnanaa, basi, apigiwe mswaki bila dawa mpaka azoee.

Ufizi wa kijana ulichukua miezi minane kurudi, baada ya dawa kubadilishwa, na haukurudi wote. Mto umekoma kuwa na damu. Shavu hajalipiga tena. Anaenda zahanati kila baada ya miezi mitatu, anatangulia mwenyewe kwenye kiti, anadai kioo chake. Aliyebaki na ugumu ni mwandishi, ambaye hadi leo akisikia kishindo cha mtu kuanguka mkono wake unaelekea jikoni kabla akili haijamrudisha.

Kuhusu haki, karatasi zipo. Katiba ya 2006 inawaahidi watu wenye ulemavu ulinzi maalumu katika kifungu cha 49. Kongo iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa mwaka 2015. Tarehe 3 Mei 2022, mwaka mmoja kamili baada ya amri ya hali ya kuzingirwa kutiwa sahihi, ikatoka sheria ya kulinda na kukuza haki zao. Dokta yule anaifahamu. Aliwahi kuichapa na kumpelekea mwenye jengo, akiomba ngazi za baraza ziondolewe na kujengwa mteremko wa saruji kwa ajili ya wanaokuja na baiskeli za magurudumu matatu. Mwenye jengo alisema atatazama. Wateja hao wanatibiwa nje, barazani, juu ya baiskeli zao, mgongo kwa barabara. Ngazi ni tano.